Niliambiwa "look into", nikachungulia kreti

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Msambweni, na hapa Nairobi naishi Umoja kwa dada yangu. Tangu mwaka jana nimekuwa karani wa stoo katika depo moja ya soda upande wa Viwandani. Napokea mzigo, naandika daftari, nahesabu chupa tupu zinaporudi. Sijawahi kugusa kitu kisicho changu.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, meneja alinitumia ujumbe kwa simu. Naunakili kama ulivyokuwa: "Please look into the 14 missing crates from Tuesday." Hiyo Jumanne nilipokea lori la asubuhi. La jioni alilipokea mwenzangu, mimi nimeshatoka.

Nikausoma mara mbili. "Look" najua ni angalia. "Into" najua ni ndani. Nikaona anataka niangalie ndani ya kreti, pengine kuna 14 ambazo chupa zake zimepungua, maana hilo hutokea sana. Basi nikaingia stoo, nikazishusha kreti za Jumanne moja baada ya nyingine, nikachungulia kila moja. Chupa 24, chupa 24, chupa 24. Nilimaliza adhuhuri, mgongo unaniuma. Nikamjibu: "I have looked into the crates. Everything is okay." Akaandika asante, nami nikarudi kwenye daftari langu nikiwa na furaha.

Jumamosi hesabu ya mwezi ilipofanywa, kreti 14 hazikuonekana. Nikaitwa ofisini. Meneja akaniuliza mbele ya watu ni vipi nilimwandikia kwamba nimeshachunguza na kila kitu ni sawa, na yeye akampelekea mwenye kampuni jibu hilohilo. Nilikosa la kusema. Jumatatu nikapewa barua inayonitaka nijieleze kwa maandishi kufikia Ijumaa, na ndani yake mna maneno haya: "The matter is being looked into." Nilipomuuliza mhasibu kama mshahara wangu utaingia mwisho wa mwezi, akanijibu: "We are looking into it."

Mwalimu, maneno haya maana yake ni nini hasa? Wananipeleleza? Nijibu nini kwenye barua? Dada asema niache kazi kabla sijafukuzwa. Wenzangu wawili wamenicheka wakisema watu wa Pwani Kiingereza hatukijui. Nilipata C ya Kiingereza kidato cha nne, na maneno yote ya ujumbe ule nilikuwa nayajua, moja moja.

Mwenye kreti, Umoja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikasimama kwenye sentensi yako ya mwisho, kwa sababu kiini cha mkasa wote kimo mle. Maneno yote ulikuwa unayajua, moja moja. Kosa lako lilizaliwa hapo, na si kosa la uvivu wala la ujinga. Mtu mvivu hashushi stoo nzima ya kreti hadi adhuhuri.

"Look into" ni maneno mawili kwa macho, lakini kwa maana ni neno moja. Ukilipasua, ukachukua "look" ukaiweka kando, na "into" ukaiweka kando, unabaki na vipande viwili ambavyo havitakupa kile alichosema meneja. Alichosema ni: chunguza. Fuatilia suala la kreti 14 zilizopotea Jumanne, ujue zilikwenda wapi.

Hebu tuliangalie jambo hili kutoka nyumbani, kwa sababu wewe ni mtoto wa Msambweni na lugha unayo. Chukua kitenzi chungua. Ukikinyambua upande mmoja unapata chungulia, yaani kutia jicho katika tundu, dirisha, chungu au kreti uone kilichomo. Ukikinyambua upande mwingine unapata chunguza, yaani kuliendea jambo kwa makini hadi ukweli wake ujulikane. Chungulia na chunguza ni ndugu wa tumbo moja. Hutamkuta Mswahili akizichanganya, kwa sababu mkia wa neno unamwambia tofauti kabla hata hajafikiri.

Sasa Kiingereza hakina mikia ya namna hiyo kwenye vitenzi vyake. Kile ambacho sisi tunakifanya kwa kunyambua, wao mara nyingi hukifanya kwa kutundika kineno kidogo baada ya kitenzi. Kineno hicho hubadilisha kitenzi kizima kama vile sisi tunavyotoka fuata tukaenda fuatia, fuatana, fuatilia. Na tatizo la "look into" ni kwamba maneno yale yale mawili yanaweza kuwa chungulia na yanaweza kuwa chunguza. "She looked into the pot" ni kuchungulia chungu. "She looked into the complaint" ni kuchunguza malalamiko. Utajuaje? Tazama kinachofuata. Kikiwa ni kitu chenye ndani, kama kisima, sanduku au kioo, huenda ni macho tu yanayoingia. Kikiwa ni jambo, kama hasara, wizi, upungufu, ajali au lalamiko, basi ni uchunguzi. Lalamiko halina ndani ya kutia jicho.

Ujumbe wako ulikuwa mgumu kwa sababu kreti ni kitu chenye ndani. Nakuhurumia kwa dhati. Mtu yeyote anayesoma haraka asubuhi, kreti zimemzunguka pande zote, angeweza kuteleza. Kilichokuwa kikuokoe ni lile neno "missing", na hapo ndipo ningetaka uangalie tena. Wewe ulilisoma kama chupa zilizokosekana ndani ya kreti. Lakini katika sentensi ile limekaa mbele ya "crates", kwa hivyo kilichokosekana ni kreti zenyewe. Na kreti isiyokuwepo haichunguliki. Hakuna pa kutia jicho. Palibaki kuchunguza tu.

Nilifundisha lugha zote mbili kwa miaka mingi, na hiki kitenzi "look" kimewatoa jasho wanafunzi wangu kuliko vitenzi vikubwa vyenye herufi kumi na mbili. Kuna kijana mmoja aliandika katika insha kwamba nyanya yake alim-"look for" tangu alipokuwa mchanga. Alitaka kusema nyanya alimtunza, "looked after". Nilipoisoma nilimwona yule bibi akizunguka na taa mkononi miaka yote hiyo akimtafuta mjukuu. Nilimwita yule kijana tukakaa chini ya mti tukavipanga pamoja. Ukikitundikia "at", unatazama tu. Ukikitundikia "for", unatafuta kilichopotea au unachokihitaji. Ukikitundikia "after", unatunza, kama unavyomtunza mtoto au mgonjwa. Ukikitundikia "up", unatafuta neno katika kamusi au namba katika daftari. "Down on" ni kumdharau mtu. "Forward to" ni kungoja kwa hamu. Kichwa ni kimoja, mikia ni mingi, na kila mkia una maana yake ya kuzoewa. Hakuna njia ya mkato hapo: kila kimoja hujifunzwa kizima, pamoja na mfano wake, kama vile mtoto anavyojifunza kwamba kuamka na kuamkia si kitu kimoja.

Kwa "look into" kuna mambo matatu ya matumizi ambayo yatakufaa kazini. Kwanza, kineno "into" hakiachani na "look". Husemi "look it into". Wasema "look into it". Hapa kinatofautiana na "look up", ambacho huruhusu "look it up". Pili, kitenzi kikifuata baada yake huja na "-ing", na hapo maana hulegea kidogo. Dada yako akikwambia "I am looking into joining a sacco", hachunguzi wizi wowote. Anaulizia, anatafuta habari za sako, hajaamua bado. Vivyo hivyo mtu anayesema anaangalia uwezekano wa kununua ploti Kitengela.

La tatu ndilo lililokuumiza, na nataka nikae nalo. "Look into" ni mwendo wa kutafuta ukweli, haisemi kama ukweli umepatikana. Kupatikana kuna kitenzi chake, "find out", ambacho sisi twaweza kukiita kubaini au kugundua. Lakini mtu akisema "I have looked into it", yaani nimeshalichunguza, msikilizaji hukaa tayari kupokea alichokipata. Wewe uliandika "I have looked into the crates", kisha ukaongeza "Everything is okay". Kichwani mwako ulikuwa unasema: nimechungulia kreti, chupa zimetimia. Kichwani mwa meneja zilifika habari nyingine kabisa: nimelifuatilia suala la zile kreti 14, nimepata maelezo yake, hakuna hasara. Ndiyo maana alishukuru. Ndiyo maana akampelekea mwenye kampuni. Wote wawili mlisema kweli, na kila mmoja akamsikia mwenzake akisema kitu kingine.

Naelewa kwa nini amekasirika. Ameaibika mbele ya mkubwa wake. Lakini kukuhoji mbele ya watu hakukuwa sawa, na hilo nalisema wazi. Na kuna jambo linaloniuma kuhusu ofisi zetu za Nairobi. Meneja wako, nina hakika, huzungumza nawe kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Shusha hii, pandisha ile, lori limefika, dereva yuko wapi. Ila anapotaka kuandika mistari miwili, mkono unahamia Kiingereza. Tunasema kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na kati ya mdomo na kidole mambo hupotea. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. "Fuatilia kreti 14 za Jumanne zilizopotea" ingemchukua muda uleule kuandika, na leo usingekuwa na barua mkononi. Na hao wenzako waliocheka, waulize kwa upole wakueleze tofauti ya "look into" na "look over". Ukitaka kujua, "look over" ni kupitia kitu harakaharaka, kama karatasi ya hesabu kabla ya kuitia sahihi.

Sasa barua. "The matter is being looked into" ni: jambo hili linachunguzwa. Angalia vizuri kinachochunguzwa. Ni "the matter", jambo. Jina lako halimo katika sentensi hiyo. Umeuliza kama unapelelezwa. Neno hili ni jepesi kuliko hilo unaloliogopa. Upelelezi kwetu unanuka siri na polisi, na kwa Kiingereza wakitaka uzito huo husema "investigate". Ndilo lililomo hata katika jina la idara ya makachero, DCI, yaani Directorate of Criminal Investigations. Neno hilo "investigate" lina asili nzuri, kwa njia. Limetoka katika Kilatini, "vestigium", ambalo maana yake ni unyayo. Kuchunguza, kwa Warumi, kulikuwa ni kufuata nyayo, sawasawa na sisi tulivyopata fuatilia kutoka kwa fuata. "Look into" haina nyayo wala makachero. Husemwa na meneja, mwalimu mkuu, karani wa benki, mtu yeyote aliyeletewa lalamiko.

Ila sentensi hiyo ina upungufu mmoja. Haimtaji anayechunguza. Linachunguzwa na nani? Hadi lini? Na jibu la mhasibu, "We are looking into it", lina upungufu huohuo. Huenda kweli wanalichunguza. Huenda ni namna ya kukuondoa mlangoni. Maneno yenyewe hayakwambii ni lipi kati ya hayo mawili, kwa hivyo usiondoke nayo hivyohivyo. Uliza kwa adabu: nani analishughulikia, na nirudi siku gani? Ukitaka kwa Kiingereza, "Who is looking into it, and when should I come back?" Liandike jina na siku katika daftari lako.

Kuhusu kujieleza, andika kabla ya Ijumaa, usingoje Ijumaa yenyewe. Andika kwa lugha unayoimiliki. Kama ni Kiswahili, andika Kiswahili. Ukiona wanapenda Kiingereza, sentensi tatu fupi zinatosha kubeba kiini, na nakuomba usiziongezee mapambo: "I misunderstood your message. I checked inside the crates in the store. I did not look into the shortage." Yaani, niliuelewa vibaya ujumbe wako, nilikagua ndani ya kreti zilizokuwa stoo, sikuchunguza upungufu. Ona jinsi nilivyotumia "checked inside" kwa ulichofanya na "look into" kwa usichofanya. Atakayesoma ataiona tofauti bila wewe kumhubiria.

Usiishie hapo, kwa sababu kreti 14 bado hazijulikani zilipo. Hizo ni chupa 336, na mwenye kampuni ana haki ya kuziuliza. Fanya sasa ulichoombwa siku ile. Tafuta karatasi ya kupokelea mzigo ya lori la asubuhi, ile uliyotia sahihi wewe, uone idadi. Tafuta ya jioni uone imetiwa sahihi na nani na kwa idadi gani. Linganisha na kitabu cha mlinzi wa langoni, kwa sababu lori haliingii wala halitoki bila kuandikwa. Angalia pia chupa tupu zilizorudishwa siku hiyo, maana kreti hupotea vilevile zikitoka, si zikiingia tu. Muulize dereva na utingo wake. Usimtuhumu mwenzako wa jioni. Andika ulichokiona kwenye karatasi, namba kwa namba, na pale ambapo karatasi haisemi kitu, andika kwamba haisemi. Huko ndiko kuchunguza. Ukipeleka hayo pamoja na maelezo yako, meneja atapata kile alichokiomba tangu Jumatano, ingawa kimechelewa.

Baki na nakala ya kila kitu, na mtu wa ofisi akupigie muhuri au akutilie sahihi na tarehe kwenye nakala yako.

Ukiitwa kwenye kikao, kuna jambo zuri katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ambalo wafanyakazi wengi hawalijui, na linakuhusu wewe kuliko watu wengine. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kosa amweleze sababu hiyo kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Lugha anayoielewa, ndivyo sheria inavyosema. Kinakuruhusu pia uingie na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama wa pale kazini, utakayemchagua mwenyewe, na lazima wasikilize mliyo nayo kabla ya uamuzi. Kwa hivyo ukiwa mle ndani ukasikia maneno usiyoyaelewa, nyoosha mkono useme: naomba nielezwe kwa Kiswahili. Hutakuwa umeomba hisani.

Na mshahara, sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuelewa ujumbe vibaya si makusudi. Mwisho wa mwezi ukipita bila kulipwa na bila maelezo, nenda ofisi ya leba na nakala zako.

Dada yako anakupenda, na anaogopa kwa niaba yako. Mwambie nimemsikia. Lakini ukiondoka wiki hii, kwenye daftari la kampuni itabaki kwamba kreti 14 zilipotea na karani akaacha kazi, na atakayesoma hatahangaika kuuliza "look into" ilieleweka vipi. Baki hadi jambo liishe. Baada ya hapo, kama hutaki tena kuliona lango lile, ondoka na barua yako safi mkononi.

Kesho asubuhi, kabla malori hayajafika, anza na karatasi ya lori la jioni.